Nataka kuhama kitochi niingie simu janja, hesabu yangu ya gharama hii hapa, nikosoeni

Batani Ngumu (mleta uzi)

Wakuu habari za humu. Mimi ni mtu wa kitochi. Sio kwamba simu janja siijui, nashika za watu kila siku, ila mfukoni kwangu miaka yote ni batani. Chaji inakaa siku kadhaa bila presha, ikidondoka unaokota betri, unaokota mfuniko, unaunganisha, maisha yanaendelea.

Sasa kazini kumenibana. Mambo yote yamehamia kwenye grupu la WhatsApp, zamu zinabadilishwa humo usiku, asubuhi nafika nakuta nimehamishwa na kila nikiuliza naambiwa "si ilitumwa kwenye grupu". Nikasema basi nichukue vile vitochi vya kati, batani lakini vina intaneti, kumbe WhatsApp waliiondoa apu yao kwenye stoo ya KaiOS (mfumo unaoendesha vitochi hivyo) tangu Juni 2024, ukinunua leo huipati tena. Kwa hiyo ni kuhama kabisa au kubaki kabisa.

Kinachonitisha sio bei ya simu. Bei ya simu unalipa mara moja unaumia mara moja yanaisha. Kinachonitisha ni huko mbele. Nimekaa nikapiga hesabu, na sitaki kuweka bei humu maana kila mtu na soko lake na pesa yake, tutumie pointi.

Tuseme simu A, ya bei chee, ni pointi 100. Simu B, ya daraja la kati, pointi 180. Watu wa simu A nawaona, mwaka na nusu au miwili tayari wanalalamika inaganda, imejaa, haishiki chaji, wanabadilisha. Tuiweke miezi 20. Simu B tuseme inakwenda miaka mitano. Ndani ya miezi 60 mtu wa A atakuwa amenunua simu tatu, pointi 300. Mtu wa B 180, mwekee betri mpya katikati pointi 15, na kioo kimoja kupasuka pointi 40 maana mikono ni ile ile, inakuja 235. Halafu wote wanaweka bando, hata uwe bahili vipi weka pointi 6 kwa mwezi, mara 60 ni 360. Yani bando peke yake linazidi hata zile simu A zote tatu! Jumla mtu wa A ni 660, mtu wa B 595, na hapo wa A sijampasulia kioo hata kimoja.

Kwa hiyo naomba msaada kwenye vitu vitatu. Hiyo B kweli inafika miaka mitano au ni stori za wauzaji. Dukani nitaijuaje B maana maboksi yote yameandikwa maneno makubwa makubwa. Na bando linabanwaje.

nyotareli

😂😂 karibu duniani mkuu. Nimekaa pale nasubiri mafundi waje

Fundi wa Meza

Mleta uzi hesabu yako imetulia kuliko ya watu wengi wanaonifuata na simu zao. Mimi ni fundi, ngoja nikwambie simu zinakufa kwa ugonjwa gani, ukijua kinachoua utajua cha kununua.

Ugonjwa wa kwanza watu wanadhani ni kioo. Hapana. Ni kujaa. Mtu anakuja na simu haina hata mkwaruzo anasema fundi inaganda niflashie. Naifungua nakuta ni ya GB 32, mfumo wenyewe umeshakula kipande kikubwa tangu ilipotoka dukani, kilichobaki kimeliwa na video za magrupu ya WhatsApp ambazo hata hajaziangalia, "heri ya mwezi mpya" kibao na wahubiri. Simu ikishajaa hivyo inakuwa nzito, apdeti hazishuki kwa kukosa nafasi, kamera inagoma. Naisafisha, baada ya muda anarudi. Memori kadi itakusaidia kuhifadhia picha na nyimbo, kwa apu haikusaidii cha maana. Kwa mtu anayenunua leo na anataka akae nayo, stoo ya ndani, yani nafasi ya kuhifadhia, usishuke GB 128.

RAM, yani kumbukumbu ambayo simu inafanyia kazi ikiwa imewaka. Hapa ndio mnapigwa. Boksi limeandikwa 8GB kwa maandishi makubwa kama bango, halafu pembeni kwa maandishi ya chungu wameandika 4+4. Ile 4 ya pili sio RAM, ni kipande cha stoo ambacho simu inajikopesha, na stoo ni polepole sana ukilinganisha na RAM yenyewe. Ukiona alama ya kujumlisha kwenye RAM, chukua namba ya kwanza tu, hiyo nyingine ni mapambo. 4 halisi ni chini kabisa, 6 halisi ndio utakaa kwa amani hiyo miaka unayoitaka.

Halafu kuna kitu boksi halisemi kabisa, aina ya stoo. Kuna eMMC na kuna UFS. eMMC ni ya zamani na ni polepole, simu nyingi za bei ya chini bado wanaweka hiyo, ndio maana unaweza kukuta simu mbili zote RAM 4 na stoo 128 lakini moja ukigusa picha inafunguka hapo hapo na nyingine inakufikiria kwanza. Andika jina la modeli mtandaoni, ukurasa wa sifa zake utakuonyesha ni ipi. UFS chukua.

Sasa swali lako la miaka mitano, jibu lake ni apdeti. Kampuni ikiacha kutuma apdeti simu inaendelea kuwaka lakini imeshaanza kuzeeka kwa ndani, matobo ya usalama hayazibwi, na mwisho apu zinaanza kuikataa. iPhone 5s na iPhone 6 zilikatwa WhatsApp Mei 2025, nyingine zilikuwa nzima kabisa, kioo kizima, zinapiga simu, lakini WhatsApp kwaheri. Zamani kwa Android kupewa miaka miwili ilikuwa kawaida. Siku hizi wamebadilika, Google walipotoa Pixel 8 mwaka 2023 wakaahidi miaka 7, Samsung wakafuata na S24 mwaka 2024 nao 7. Hizo ni za gharama najua. Lakini hata chini wameanza kushuka nayo, Galaxy A16 ya mwishoni mwa 2024 imeahidiwa miaka 6, na hiyo sio simu ya tajiri. Umoja wa Ulaya nao tangu Juni 2025 wameweka sheria, modeli mpya inayoingia sokoni kwao lazima mfumo wake uendelee kupata apdeti angalau miaka 5 tangu kampuni iache kuiuza.

Ila sikiliza hapa vizuri maana wengi wanajichanganya. Miaka ya apdeti ya kampuni kama Samsung na Google inahesabiwa tangu modeli ilipotoka, sio tangu siku wewe uliponunua. Ukichukua modeli ya miaka miwili nyuma kwa sababu imeshuka bei, toa miwili kwenye ile ahadi. Bado inaweza kuwa dili, ila ujue umenunua iliyobaki.

kitochi_milele

Mimi napinga. Mleta uzi umesahau gharama kubwa kuliko zote kwenye hesabu yako, MUDA. Kitochi hakikuiti. Hakikuonyeshi video moja halafu ukiinua kichwa saa mbili zimepita na wali umeungua. Weka pointi za muda halafu urudi hapa na jumla mpya. Na kuibiwa je? Kitochi nani akuibie.

Mwambie bosi akutumie meseji ya kawaida, basi.

Batani Ngumu

Mkuu wa kitochi nimekuelewa na roho yangu iko upande wako kabisa, ila bosi simwambii mimi cha kufanya 😅. Hilo la muda ni kweli. Mpango wangu ni kubaki na kitochi kwa simu za kawaida, hii nyingine iwe ya kazi, naifungua nikitaka. Kama nitaweza au sitaweza hilo tutajuana baadaye.

Fundi asante sana. Kwenye betri na kioo je? Zile pointi 15 na 40 zimekaa sawa?

nyotareli

Na vitochi navyo sio vya milele mjue. Marekani mitandao mikubwa ilizima 3G mwaka 2022, watu wakabaki na simu nzuri kabisa hazipigi. Kwa hiyo mkuu wa kitochi_milele hiyo milele iangalie vizuri, ukinunua kipya chukua cha 4G chenye kupiga kupitia 4G hiyo hiyo.

Fundi wa Meza

Betri iache pointi zako, usifute. Betri zote hizi za lithiamu zinachoka, hakuna uchawi. Apple wenyewe wanasema iPhone 14 kurudi nyuma zimetengenezwa kubaki na asilimia 80 baada ya kuchajiwa kamili mara 500, kuanzia 15 wakasema mara 1000. Wewe kama utamaliza chaji moja kila siku, hizo 500 ni kama mwaka na miezi minne tu. 80 bado inatumika, lakini ndio pale unaanza kutembea na waya. Kwa hiyo ndani ya miaka mitano betri moja utabadilisha, uwe tayari. Kuangalia mAh (kipimo cha ukubwa wa betri) nyingi dukani ni sawa, 5000 ni nzuri, ila ukubwa wa betri hauzuii kuchoka, unachelewesha tu kulalamika. Usiilaze juani, usiichaji chini ya mto usiku, joto ndio linaua betri haraka.

Kioo sasa. Inategemea simu ina kioo gani. Kuna LCD na kuna AMOLED. AMOLED ni tamu, nyeusi yake ni nyeusi kweli, ila ikipasuka mpaka ndani bei yake inauma, mara nyingine inakaribia nusu ya simu. LCD ya simu ya kawaida ni nafuu zaidi. Na hapa kuna mchezo wa baadhi ya mafundi wenzangu, mtu anapeleka simu ya AMOLED anawekewa LCD ya kuigiza bila kuambiwa, anarudi nyumbani anaona rangi zimefifia kidogo anasema labda macho, halafu anashangaa alama ya kidole iliyokuwa inasoma chini ya kioo haisomi tena. Ile sio simu imeharibika, ni kioo sicho, kile cha kuigiza hakipitishi mwanga wa kusomea kidole. Kwa hiyo kabla hujanunua simu, pita kwa fundi mmoja muulize swali moja tu: "kioo cha hii modeli unacho, na bei gani?" Akikuambia mpaka kiagizwe, achana nayo hata iwe nzuri vipi. Modeli inayoshikwa na watu wengi ina vipuri kila kona. Modeli ya ajabu ajabu, kioo kikipasuka umeisha.

Pointi 40 zako kwa LCD zinatosha. Kwa AMOLED ongeza.

dada bando

Nije kwenye bando maana mleta uzi kaandika kitu cha kweli halafu wote mmekimbilia vioo. Bando ndio simu yenyewe jamani. 360 kwenye 595!!

Mimi natumia bando dogo na sikosi kitu, na sio kwa kujinyima, ni mipangilio tu ambayo watu hawafungui. Siku ya kwanza kabisa ukiwasha simu mpya USIWASHE DATA. Tafuta waifai, ya kazini au ya rafiki, kaa nayo hapo mpaka ishibe, maana simu mpya ikipata intaneti inaanza kushusha apdeti za mfumo na za kila apu, ni magigi, watu wanaweka bando la kwanza linayeyuka hajatuma hata salamu halafu wanasema mtandao umewaibia. Ukiwa hapo hapo ingia stoo ya apu, weka apdeti zishuke kwa waifai tu. Ingia WhatsApp, mipangilio ya hifadhi na data, ukitumia data ya simu isipakue kitu chenyewe, picha zima, sauti zima, video zima, nyaraka zima. Utaona picha ina ukungu, ukiitaka unaigusa inashuka, usipoitaka inabaki huko huko. Hii moja inaokoa bando na inaokoa stoo ambayo fundi kaisema, yani ugonjwa wa kujaa nusu yake unatibika hapo.

Kisha washa kiokoa data cha simu yenyewe, Android zote za siku hizi wanacho, kinazuia apu kula data ukiwa hujazifungua. Na picha zisijipandishe zenyewe kwenye akaunti ya Google mpaka uwe kwenye waifai.

Video ndio shimo. Netflix wenyewe wanaandika kwamba ubora wa HD unaweza kufika GB 3 kwa saa. Kwa saa! Kwenye kioo cha simu ukishusha ubora mpaka 360 au 480 macho hayatakuambia kitu na bando litakaa. Zile apu za video fupi fupi zinazojicheza zenyewe mimi nimezitoa kabisa, sio kwa dini, kwa hesabu. Simu ya sauti ya WhatsApp inakula kidogo, ya video ndio inakula, kwa hiyo shangazi akitaka kukuona uso mwambie Jumapili ukiwa kwenye waifai 😄

Kwa grupu la kazi tu na kupiga piga sauti, hizo pointi 6 zako unaweza kuzishusha hata 4.

Tofaa Moja

Kwani kwa nini mjadala mzima ni Android? Chukua iPhone iliyotumika, zinadumu, apdeti kila mwaka, ukiuza unapata hela yako. Mwisho.

Fundi wa Meza

Sikatai, iPhone apdeti zake ni za uhakika na bei ya kuuza haianguki sana. Lakini mtu anayetoka kitochi na anahesabu pointi, iPhone anayoimudu itakuwa ya zamani, na ya zamani ndio ile niliyosema imebakiza miaka kidogo. Akichukua aangalie mipangilio, sehemu ya betri, uwezo wa juu umebaki asilimia ngapi, ikiwa chini ya 80 hiyo ni betri mpya ahesabu kwenye bei. Na kwenye Jumla, Kuhusu, zile za karibuni zinaonyesha kama betri au kioo kilishabadilishwa na kama ni cha kampuni au hakijulikani. Muuzaji anayekuambia "haijawahi kufunguliwa" mwambie tufungue hapo pamoja, uone anavyoanza kukohoa.

Na kama unanunua iliyotumika ya aina yoyote, usitoke na simu ambayo bado ina akaunti ya mtu. iPhone wana kufuli lao la akaunti tangu 2013, Android nao wanalo tangu 2015, ukiifuta kwa nguvu ikirudi inakuuliza akaunti ya mwanzo na password yake, huna, umebaki na kipande cha kioo. Mwambie muuzaji aitoe akaunti yake mbele yako, aifute, iwake mpaka ule ukurasa wa kuchagua lugha, weka laini yako, piga, pokea, ndio utoe hela. Piga *#06#, zitokee namba 15 za IMEI, yani kitambulisho cha simu, zifanane na za kwenye boksi. Simu ya laini mbili zitatoka IMEI mbili, usishtuke.

nyotareli

Na zile za mtandaoni "GB 512, RAM 16, kamera 108" bei ya kitochi 😂😂

Fundi wa Meza

Hizo ni famba, na ubaya wake hata ukiingia mipangilio itakuandikia 512 kama ilivyofundishwa kudanganya. Nilishaletewa moja na kaka mmoja, alikuwa na video za harusi ya mdogo wake humo, kila akifungua zinagoma. Stoo halisi ilikuwa imejaa zamani, simu inaendelea kupokea mafaili na kuyatupa kimya kimya. Hazikurudi zile video. Ukiona sifa za simu ya juu kwa bei ya chini kabisa, hiyo bei inakuambia ukweli kuliko boksi.

Kuhusu kamera nimalizie kwa haraka, megapikseli zisikusumbue. Kamera ya 50 kwa kawaida inaunganisha nukta nne kuwa moja na kukupa picha ya kama 12 na nusu, na hiyo ni sawa ndivyo ilivyoundwa. Ukiona kamera nne nyuma mbili za 2MP, hizo mbili ni za kujaza matundu. Piga picha ndani ya duka ambapo mwanga ni hafifu, mtu akiwa anatembea, uone kama inatoka ukungu. Jua kali kila simu inapiga vizuri.

mama wawili

Samahani nadandia uzi, mimi ni kwa ajili ya mama yangu, ana miaka 70 na kidogo, anataka kuona wajukuu kwa video. Hizo RAM 6 anazihitaji kweli? Na atashika vipi vitufe vile?

dada bando

Mama shikamoo yake. Dada hapo RAM 4 inatosha, atafungua WhatsApp tu na picha. Tafuta kioo kikubwa na spika yenye sauti, hiyo ndio ya muhimu kwake. Samsung wana mpangilio rahisi unaofanya alama kuwa kubwa na maandishi makubwa, nyingine unaongeza tu ukubwa wa maandishi. Toa kila kitu ukurasa wa mbele, acha WhatsApp, simu, picha. Weka majina ya watoto kwa picha zenu, aguse uso sio kusoma. Na muhimu mwambie mapema hakuna mtu wa benki wala wa mtandao wa simu atakayempigia kumuomba namba ya siri, akiulizwa akate akupigie wewe kwanza. Wazee wakihamia simu janja matapeli wanawanusa.

mama wawili

Marahaba anasema, na asante. Hilo la matapeli sikuwa nimelifikiria.

mlipa kidogokidogo

Wadau na za mkopo je, unalipa kila siku kidogo kidogo? Mimi naona ndio suluhisho mtu asiumie.

Batani Ngumu

Hili nilishaliangalia mkuu. Hela ya siku ukiiona ni ndogo, haina uzito. Zidisha kwa siku zote za mkataba, ongeza ile ya kuanzia, halafu linganisha na bei ya simu hiyo hiyo ukilipa taslimu. Ile niliyoiangalia mimi ilikuwa inakaribia moja na nusu ya bei. Na simu yenyewe inakuwa na programu ya kuifunga, siku umechelewa inajifunga, yani siku huna hela ndio siku huna simu ya kutafutia hela. Sisemi mbaya kwa kila mtu, mwenye kazi inayohitaji simu leo na inamwingizia leo inaweza kumlipa. Mimi kazi yangu inahitaji kusoma grupu tu, naweza kusubiri niweke akiba.

Sasa nirudi kwenye hesabu baada ya kuwasikiliza. B yangu sasa ina sura: modeli isiyozidi mwaka tangu itoke, apdeti miaka 5 au zaidi kwa maandishi ya kampuni yenyewe, RAM 6 halisi bila kujumlisha, GB 128 za UFS, kioo LCD, na fundi awe na kioo chake mezani. Ikipatikana kwa 180 sawa, ikifika hata 200 bado nipo ndani, maana bando likishuka kutoka 6 hadi 4 kwa mwezi naokoa 120 ndani ya miaka mitano. Hiyo tofauti ya bando inalipa kabisa tofauti ya A na B na chenji inabaki. Hapo ndio nimeacha kuogopa.

Jumla mpya: simu 200, betri 15, kioo 40, bando 240. 495. Kava na protekta sijaweka, wekeni 5 nyingine, 500 kamili. Kwa mwezi ni pointi 8 na kitu.

kitochi_milele

Na muda?

Batani Ngumu

😅 Mkuu huo hauna pointi, ntakulipa kwa kupokea simu zako kwenye kitochi.

Fundi swali la mwisho. Majina yangu yote yako kwenye laini ya zamani, ile kubwa. Naihamishaje?

Fundi wa Meza

Laini kubwa haitaingia, simu mpya zinatumia ile ndogo kabisa, nano. Kuna watu wanazikata kwa mkasi, usifanye hivyo, ukikosea milimita umeua chipu, na pia laini ya zamani sana inaweza isishike 4G hata ukiikata vizuri, utakaa na simu ya kisasa kwenye mtandao wa kizamani ukiilaumu simu. Nenda kwa mtandao wako wakubadilishie, namba inabaki ile ile. Ila KABLA hujaenda, yale majina yahamishe, maana laini mpya inakuja tupu. Kwenye kitochi ingia majina, nakili yote kutoka kwenye laini kwenda kwenye simu. Laini zenyewe nyingi hazibebi zaidi ya majina 250 au hapo, kwa hiyo labda mengine yapo kwenye simu tayari. Kitochi kama kina Bluetooth unayatuma kwenda simu mpya kwa mkupuo au moja moja. Kama hakina, omba rafiki mwenye simu inayoingia laini kubwa au adapta akusomee ayatoe. Yakifika simu mpya yahifadhi kwenye akaunti ya Google sio kwenye simu, ili siku ikiibiwa uingie akaunti kwenye nyingine uyakute.

Na hiyo akaunti andika password yake kwenye karatasi uiweke nyumbani. Nusu ya wanaokuja kwangu simu zimejifunga ni wenyewe wenye simu, wamesahau.

nyotareli

Mkuu ukishanunua rudi utuambie umechukua ipi, uzi usife hivi hivi

Batani Ngumu

Nitarudi. Nitaandika kwa batani au kwa kioo, mtaona kwa makosa ya maandishi.